Kinaa ni ya nani?

Jioni moja barazani kijana mmoja, fundi seremala, alifika uso umemkunjuka. Kalipwa kazi ya milango sita, na kodi ya mwezi anayo mfukoni. Akaagiza kahawa, akafungua simu kutazama picha walizoweka watu WhatsApp. Mwenzake waliyesoma darasa moja kaweka gari jipya. Kijana kimya. Kahawa ikapoa kikombeni, na pesa mfukoni haikupungua hata shilingi.

Mashekhe wakisema huzuni nyingi ya binadamu inatokana na kukosa kinaa, yaani kuridhika na ulichonacho, wanazungumzia kahawa ile iliyopoa. Ila neno hilo siku hizi lina maadui, na si bure. Mama hana pesa ya dawa ya mtoto, anaambiwa aridhike. Kibarua anadai ujira wa miezi miwili, anasomewa subira. Anayesema dini hapo imefanywa kizibo cha mdomo hajakosea. Mtume mwenyewe (s.a.w.) aliomba dua ya kukingwa na ufakiri, akiutaja pamoja na ukafiri.

Lakini hebu tuirudie sura ya 102 ya Qur'ani, At-Takaathur. Ina aya 8 tu, watoto wa madrasa wanaijua kwa moyo. Wengi jina lake hulielewa kuwa ni wingi wa mali, basi. Kumbe umbo la neno hilo katika Kiarabu ni la kutendeana, mfano wa "-ana" yetu katika kupigana na kushindana. Takaathur ni watu kuzidiana kwa wingi, huyu akimtazama yule. Sura ya 57, aya ya 20, inaliweka ubavuni mwa tafaakhur, kujifaharisha mbele ya wenzio, na umbo ni lilelile. Kwa hiyo gari halina kosa, wala milango sita haina upungufu. Kinacholaumiwa ni jicho linalopima, na mchezo huo hauna kipenga cha mwisho: aya ya pili inasema mpaka mwende makaburini.

Hadithi mashuhuri nayo inasema mwanadamu akiwa na bonde la dhahabu atatamani la pili. Angalieni anayesemwa ni nani. Ni mwenye bonde! Mwenye njaa ana sura yake, Al-Maa'un, na humo anayekaripiwa ni yule anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa maskini.

Kiswahili chetu kinalijua hili vizuri. Kukinai ni kuridhika, na pia ni kushiba mpaka chakula kikuchukize; mtu husema amekinai pilau. Huwezi kumtaka akinai ambaye sahani haijamfikia.

Khutba za kinaa nimezisikia nyingi, karibu zote zikielekezwa kwa wapangaji. Ya wenye nyumba bado naisubiri.