Waifai ya Bure: Kumhesabu Mgeni Si Kumpeleleza

Msimu wa wageni ukikaribia, onyo ni lile lile: mtalii asiguse waifai ya bure, atafuatiliwa. Nani anamfuatilia, na anachukua nini, ni nadra kuelezwa. Matokeo yake vinatiwa kapu moja vitu viwili visivyofanana: mtandao unaohesabu simu zinazopita, na mtandao unaomtaka mgeni ajaze jina, barua pepe na tarehe ya kuzaliwa ndipo umfungulie.

Ule wa kwanza umeonewa. Mwishoni mwa 2016 Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, ilifanya jaribio la wiki nne katika stesheni 54 za treni za chini ya ardhi. Mitambo ya waifai ilinasa vifaa milioni 5.6 na safari kama milioni 42. Majina hayakuchukuliwa, wala kurasa walizofungua watu. Kilichochukuliwa ni namba ya kifaa (ile inayokitambulisha kwa mtandao, si ya kupigia), nayo ikageuzwa msimbo. Matangazo yalibandikwa stesheni, na asiyetaka aliambiwa azime waifai yake.

Kadi ya nauli ilikwishajua abiria kaingilia wapi na katokea wapi. Ya katikati haikuyajua. Jaribio likafichua kwamba kati ya stesheni za King's Cross na Waterloo watu walipita njia 18 tofauti, na karibu asilimia 40 hawakutumia hata moja kati ya zile mbili zenye watu wengi zaidi. Asilimia 40! Hao ni wapangaji wa reli yenye umri wa zaidi ya karne, wenye ramani za kila ngazi na kila korido, na bado, kama wangepanga treni kwa kufuata njia mbili kuu tu, wangewakosa abiria wanne katika kila kumi.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una pengo kama hilo. Tikiti ya boti inasema mgeni kafika, risiti ya hoteli inasema kalala. Mchana kutwa kazunguka wapi? Mwenye duka la ndani vichochoroni analalamika hawamfikii, wakazi wa njia kuu wanalalamika wamezidi, na kila mmoja anakisia. Kwa mji ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, kuamua kwa kukisia wapi pawekwe taa, choo cha umma au fedha za ukarabati ni gharama ambayo hatuioni kwa kuwa haiandikwi popote.

Wenye wasiwasi nao wana hoja, na ile bora ni ya 2013. Mtafiti Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichambua nyendo za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, wakakuta nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 yao. Kufuta jina, basi, hakumfichi mtu. Mwaka huo huo jijini London kulikuwa na mapipa ya taka ya kampuni ya matangazo yaliyonasa simu za wapita njia bila kuwaambia, hadi mamlaka ya City of London ilipotaka yasitishwe. Hoja hiyo naikubali, ila inagusa kumbukumbu zinazowekwa muda mrefu. Msimbo ukibadilishwa kila usiku, nyendo za leo haziungani na za kesho.

Fomu ya kujisajili ndiyo haina utetezi. Mwaka 2017 kampuni ya waifai ya Purple, ya Manchester, ilichomeka kwa makusudi kwenye masharti yake kifungu cha saa 1,000 za kazi za jamii, kusafisha vyoo ikiwemo. Katika wiki mbili watu zaidi ya 22,000 walikubali. Aliyekigundua ni mmoja. Ridhaa ya namna hiyo haina uzito wowote. (Wanaomshauri mgeni anunue laini badala yake wakumbuke kwamba Tanzania laini husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole.)

Lakini simu zenyewe zinatusukuma huko huko kwenye fomu. Siku hizi iPhone na Android hubadilisha namba hiyo ya kifaa zinapotafuta mtandao, kwa hiyo simu isiyojiunga haihesabiki vizuri. Anayetaka hesabu lazima amfanye mgeni ajiunge, na mlangoni ndipo fomu inapomsubiri.

Hapo ndipo sheria ingebana: aulizwe kidogo, taarifa zifutwe mapema. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Tatizo ni kwamba kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Mawasiliano ni ya Muungano, utalii si wa Muungano, na waifai ya watalii imekaa katikati ya hayo mawili.