Msimfute Anthony Phillips

Jumapili jioni mtangazaji mmoja wa redio kaweka wimbo wa Phil Collins, zile za mapenzi tunazozijua wote, halafu akatushushia kwa sauti nzito kabisa kwamba huyu bwana ndo muasisi wa Genesis, ile bendi ya rock ya Uingereza. Muasisi! Nikazima redio. Collins kaingia Genesis Agosti 1970, albamu ya kwanza ilishatoka, ya pili ilishamalizwa kurekodiwa, na aliingia kwa usaili kama mtu yeyote anayetafuta kazi. Simchukii, kwenye dramu jamaa ni hatari. Ila kila mtu akiielezea hii bendi anaanzia kwa Collins, mjuaji kidogo anaanzia kwa mwimbaji Peter Gabriel na mavazi yake ya ajabu ajabu, na Trespass, hiyo albamu ya pili aliyopiga gitaa Anthony Phillips, inarukwa utadhani haikuwepo.

Ile ya kwanza ya 1969 rukeni tu, sitapigana na mtu. Walikuwa watoto wa Charterhouse, shule ya bweni ya wenye nazo, wakairekodi wakiwa likizo, produsa akawamwagia vayolini juu ya kila kitu, kava jeusi limeandikwa From Genesis to Revelation bila jina la bendi, maduka mengine yakaiweka kwenye rafu ya dini. Haya, tucheke yaishe.

Trespass ni habari nyingine. Mwishoni mwa 1969 walijifungia kwenye nyumba ya kijijini karibu na Dorking, kusini mwa London, baridi lote lile, wakawa kazi yao ni kupiga na kubishana mpaka mwaka uliofuata. Walipoingia studio ya Trident pale London katikati ya 1970, Gabriel na Tony Banks walikuwa na miaka 20, Mike Rutherford 19, na Anthony Phillips, mpiga gitaa, 18. Kumi na nane jamani! Umri huo wengine tulikuwa bado tunaomba nauli nyumbani.

Na huyo wa 18 ndo ninayemsemea leo, maana ule mlio ambao watu wanauita "Genesis ya kweli" ni wake kwa sehemu kubwa. Chukua Stagnation, mwanzoni pale. Phillips na Rutherford kila mmoja ana gitaa la nyuzi 12 na hakuna anayekwangua kodi (chords) tu kama wale wapiga gitaa wa kwenye moto wa kambini, huyu anashika hapa yule anajaza pale, ni kama solo na ridhimu za muziki wetu wa dansi zinavyokimbizana, mpaka hujui tena nani anapiga nini. Halafu Banks anaingia na kinanda taratiiibu, hana haraka, wimbo unapanda unashuka karibu dakika 9 na hakuna kibwagizo cha kurudiarudia cha kukushika mkono. Mwaka uliofuata ukaja wimbo wao The Musical Box, kila mtu anausifia, na ukiufuatilia mbegu yake ni kipande ambacho Phillips na Rutherford walikitunga enzi hizo. Phillips hakuwepo tena kukipiga. Steve Hackett ndo kapewa gitaa, namheshimu sana Hackett, ila nyumba aliikuta imeshasimama.

Kwa nini aliondoka? Hakufukuzwa wala hakugombana na mtu kwa pesa, pesa yenyewe ilikuwa wapi. Alikuwa ameugua kifua, na kikubwa zaidi jukwaa lilikuwa linamtisha kiasi kwamba kila shoo ilikuwa mateso. Albamu ilipomalizwa akawaambia wenzake hawezi tena. Bendi nusura ife siku hizo, na wenyewe wameshasema pigo lile lilikuwa baya kuliko hata Gabriel alivyoondoka 1975. Sasa nyie mnaomkejeli kwamba "alikimbia kabla ya utajiri", kijana wa miaka 18 anayetetemeka kila akipanda jukwaani mlitaka afanyeje, ajikaze mpaka azimie? Hilo linaniudhi kweli kweli. Tunapenda mastaa waliovunjikia mbele yetu, aliyejua kikomo chake akakaa pembeni tunamuona mzembe.

Haya, ya kukubali niyakubali. Sauti ya albamu imefifia, kama mtu kaifunika na blanketi. Dramu za John Mayhew ni nzito, pengine anafuata nyuma nyuma, na yeye akaondolewa baadaye. Ndiyo, Collins angepiga vizuri zaidi, mmefurahi? White Mountain na hadithi yake ya mbwa mwitu ni tamu, Dusk inapita tu.

The Knife lakini! Baada ya nyimbo tano za upole unakutana na hii, besi inaunguruma, kinanda kinachoma, umati wa watu unapiga kelele, habari ya mapinduzi ambayo kiongozi wake mwenyewe ana kiu ya damu. Mchoraji Paul Whitehead alishamaliza kava la kistaarabu lenye milima na mapenzi mapenzi, wakamwambia kuna wimbo huu nao haufanani na picha, jamaa akachukua kisu akaichana turubai. Kisu cha kweli, na ndo hiyo picha iliyotoka. Na Juni 1971 huko Aylesbury Gabriel akiuimba aliruka kutoka jukwaani akavunjika kifundo cha mguu. Kina Collins na Hackett walikuwa nyuma yake wakipiga wimbo ambao Phillips aliuacha mezani.

Trespass ilipotoka Oktoba 1970 Uingereza hawakuishtukia, Ubelgiji ndo walioielewa mapema.

Phillips hakufa njaa, alienda kusoma muziki wa klasiki, na 1977 akatoa albamu yake, The Geese and the Ghost, Rutherford akiwa naye humo. Mnajua nani anaimba nyimbo mbili za humo? Phil Collins. Yeye mwenyewe anajua alirithi kiti cha bendi gani. Anzeni na Stagnation, halafu mkaisikilize hiyo, na tafadhali kwa hedifoni, msiniletee habari za spika ya simu.