Mfumo umfuate mchezaji, au mchezaji aufuate mfumo?

Kwenye kikapu huu ubishi hauishi: kocha akipata mchezaji mwenye kipaji chake cha pekee ambacho hakiendani na mfumo, abadilishe mfumo au ambane mchezaji? Mimi nipo upande wa kubadilisha mfumo, ila kuna swali lazima liulizwe kwanza, wale wanne wengine uwanjani watakuwa wanafanya nini?

Chukua Denver, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, msimu wa 2016-17. Kocha Mike Malone alikuwa na masenta (wachezaji warefu wa karibu na kikapu) wawili vijana, Jusuf Nurkić na Nikola Jokić, akaanza msimu anawapanga wote pamoja, haikukaa sawa kabisa, pale chini ya kikapu pakajaa, mpaka Jokić mwenyewe akaomba aanzie benchi. Tarehe 15 Desemba Malone akakata shauri: senta ni Jokić na mpira upitie kwake. Sasa Jokić haruki wala hana mbio, ukimpa kazi ya senta wa kizamani ya kuruka na kudanki utamuona wa kawaida tu, ndo maana kwenye drafti ya 2014, pale timu za NBA zinapochagua vijana wapya kwa zamu, alichukuliwa namba 41. Ila ana jicho la pasi. Basi anasimama juu, usawa wa mstari wa faulo, mpira kaunyanyua juu ya kichwa, wenzake wanakata kuelekea kikapuni na beki akigeuza shingo tu mpira umeshapita. MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, 2021, 2022 na 2024, na ubingwa wa NBA 2023.

Kuna walioumizwa na mabadiliko hayo, hilo tusilifiche. Nurkić alikosa nafasi na Februari 2017 akapelekwa Portland. Aaron Gordon naye alitoka Orlando alikokuwa mmoja wa mastaa, kufika Denver akapewa kazi ya kukaba na kukata bila mpira, akakubali. Lakini angalia kazi yenyewe, anakimbia, anapokea, anafunga, yupo ndani ya mchezo muda wote.

Sasa njoo Houston. Mike D'Antoni alipofika 2016 akamgeuza James Harden kuwa pointi gadi, yaani mwongoza mashambulizi, na msimu huohuo Harden akaongoza ligi kwa asisti (pasi za kufungisha), wastani 11.2 kwa mechi, timu ikatoka ushindi 41 mpaka 55. Msimu uliofuata ushindi 65 na Harden akawa MVP. Huwezi kusema kocha alikosea, kwa kweli. Ila kadiri miaka ilivyokwenda mchezo ukawa Harden anadunda mpira mmoja kwa mmoja na wengine wamesimama pembeni wanasubiri kurusha tatu, ile mitupo ya mbali ya pointi tatu, na mtu aliyesimama tu pembeni hana namna ya kujiokoa siku mkono umekuwa baridi. Mechi ya 7, ile ya kuamua, ya mtoano dhidi ya Warriors, 2018, wakakosa tatu 27 mfululizo! Haki isemwe, Chris Paul alikuwa nje na msuli wa paja, naamini wakiwa naye ile mechi inaweza kuwa nyingine. Lakini bado, timu ilikosa njia ya pili, na njia ya pili haiji siku ya mechi ya 7, inatengenezwa Novemba huko, msimu ukiwa bado mchanga.

Na sisi Watanzania linatuhusu kabisa kwa Hasheem Thabeet, namba 2 kwenye drafti ya 2009. Chuoni Connecticut, Jim Calhoun alimweka karibu na ringi azuie mitupo na ikawa balaa. NBA kuna sheria ya sekunde 3 kwa beki, huruhusiwi kupiga kambi ndani ya rangi, lile eneo la mbele ya kikapu, kama humkabi mtu kwa karibu, na chuo sheria hiyo hawana. Yaani silaha yake kubwa ilipunguzwa makali siku aliyovuka tu. Juu ya hapo Memphis, timu iliyomchagua, walikuwa na senta Marc Gasol, anayepiga pasi na aliyekuja kuwa beki bora wa mwaka 2013, kwa hiyo dakika za Thabeet zilikuwa zitoke kwa Gasol. Februari 2010 akashushwa ligi ndogo, wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko. Wanaosema kocha angemjengea nafasi nawaelewa na roho inauma, ila kwa timu ile kosa naliona kwa waliomchagua zaidi kuliko kwa kocha.