Proksi ya programu iliyokwisha futwa

Programu nyingine za bure za VPN, zile za kuficha njia yako mtandaoni, zinakera jamani! Zinabadilisha mipangilio ya proksi, yaani seva ya kati ambayo kivinjari hupitia kufika mtandaoni, halafu ukizifuta zinaiacha vilevile. Waifai imeshika, bando lipo, simu hapo pembeni inafungua kila kitu, lakini kivinjari cha kompyuta kinang'ang'ania kwamba seva ya proksi haijibu. Itajibuje? Ukiingia kwenye mipangilio unakuta 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yenyewe, yaani inajipigia hodi, ikiitafuta programu ambayo haipo tena. Ukipiga huduma kwa wateja, unaambiwa uzime ruta uwashe. Ruta ina kosa gani hapo? Watu wananunua bando jingine, wengine wanampelekea fundi hela, kumbe ni swichi moja tu ya kuzima proksi. Programu ikifutwa, iondoke na mipangilio yake yote!