Bodaboda ndio ambulansi ya kwanza kijijini, basi tumfundishe

Siku ya mnada kijijini kwetu watu huwa wengi mpaka jioni, na jioni ndio saa mbaya maana ng'ombe wanarudishwa, pikipiki zinakimbizana na giza na barabara yenyewe ni ya vumbi tupu. Mwaka juzi nilikuwa nimeenda nyumbani, nimekaa kwa mama mmoja anakaanga samaki pale mnadani, tukasikia kishindo, tukakimbia. Dogo mmoja wa bodaboda alikuwa amegonga ng'ombe, pikipiki kule, yeye huku, na pajani alikuwa amechanika vibaya, damu inatoka kwa kuruka, yaani sio ile ya kuchuruzika, inaruka kufuata mapigo ya moyo. Tulikuwa watu kama arobaini tumemzunguka. Mmoja anasema mwagieni mafuta ya taa, mwingine kashakuja na udongo mkononi, mwingine anamnyanyua kichwa ampe soda, wawili wameshamshika mikono na miguu wanataka kumpandisha mshikaki kwenye pikipiki nyingine, na wapo waliokuwa wanachukua video. Mimi nilikuwa nimeshika simu namulika. Nimesoma mpaka chuo kikuu na kwa mtu anayekufa mbele yangu nilichojua kufanya ni kumulika tu.

Aliyemwokoa ni bibi mmoja muuguzi mstaafu aliyekuja kununua mahindi. Alipenya katikati ya watu akasema "mwacheni chini!", akavua kanga yake ya juu, akaikunja mara nne, akaibandika pale pale damu inapotoka, akapiga magoti na kukandamiza kwa mikono miwili, viwiko vimenyooka, uzito wake wote juu ya ile kanga. Watu wanamwambia bibi hebu toa tuone kama imekata, anajibu "haitolewi". Kanga ikalowa, akaomba nyingine akaiweka juu ya ile ya kwanza, ya chini hakuigusa. Ikapatikana kirikuu iliyokuwa imebeba mbuzi, mbuzi wakashushwa, dogo akalazwa nyuma na bibi akapanda naye akiwa bado amekandamiza, wakapita zahanati ya kijiji imefungwa maana mhudumu alikuwa mmoja na siku hiyo hayupo, wakaenda mpaka kituo cha afya cha kata jirani, zaidi ya saa nzima njiani, na bibi hajaachia mkono.

Yule dogo yupo hai mpaka leo na bado anaendesha.

Nimeifikiria hiyo jioni mara nyingi sana, na kila nikiifikiria narudi kwenye jambo moja ambalo ndio nataka kulisema hapa. Kijijini, ile saa ya kwanza haina daktari. Haikuwa naye jana, na hata tukijenga sana haitakuwa naye kesho, kwa sababu daktari hawezi kukaa kila kitongoji. Ile saa ya kwanza ni ya jirani, ya bodaboda, ya mama wa mnadani, ya mvuvi. Na hawa watu ndio hatujawafundisha kitu.

Naomba nieleweke, sidharau majengo. Tangu ule Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 uliosema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, kazi kubwa imefanyika, nimeona kwa macho yangu vituo vya afya vilivyokuwa na vyumba viwili leo vina jengo la upasuaji wa dharura kwa wajawazito. Vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi kwenye utafiti wa kitaifa wa 2015-16 vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, utafiti wa 2022 ukakuta 104. Hiyo sio namba ndogo jamani, hao ni mama zetu na dada zetu ambao wapo. Lakini zahanati haina damu ya kuongeza, haina chumba cha upasuaji, na usiku mara nyingi haina mtu, kwahiyo ukiwa na dharura ya kweli zahanati ni kituo cha kupita tu, na swali linabaki lile lile la unafikaje huko mbele na unafika ukiwa na hali gani.

Na hapa kwenye usafiri kuna kitu tumekiweza wenyewe, na nashangaa hatukitumii mpaka mwisho. M-mama. Kwa asiyeifahamu, ni ile namba 115, unapiga bure, ni kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Ilianzia kwa majaribio huko Sengerema na Buchosa, ikaenda Shinyanga, halafu Aprili 2022 Rais Samia akaizindua Dodoma iende nchi nzima. Uzuri wake ni jinsi inavyofanya kazi. Anayepokea simu yupo kwenye kituo cha uratibu, anauliza maswali ajue dharura ni ya aina gani na mgonjwa apelekwe wapi, anatafuta gari la wagonjwa, likiwa mbali au halipo anampigia dereva wa kawaida tu wa huko huko kijijini, mwenye gari lake, ambaye alishasajiliwa na kukubaliana, dereva anambeba mama mpaka kituoni, kituo kinathibitisha amefika, hela inaingia kwenye simu ya dereva. Familia haitoi hata senti. Na kule anakopelekwa wanakuwa wameshapigiwa, wanamsubiri.

Hebu fikiria ule mfumo ungekuwa unapokea na mtoto wa miaka mitano aliyeumwa na nyoka. Au yule dogo wa pikipiki. Simu ni ile ile, waratibu ni wale wale na madereva wako kwenye orodha tayari, kinachokosekana ni kusema tu kwamba na huyu naye ni dharura. Najua kuna gharama, kila safari inalipwa na mtu, lakini kama taifa tumeshaonyesha kwamba gari la mwanakijiji linaweza kugeuka ambulansi usiku wa manane, na ile sehemu ngumu kuliko zote ya kuaminiana kati ya dereva, kituo na serikali imeshajengwa. Sioni kwa nini ikomee kwa mjamzito.

Sasa nirudi kwa jirani, maana hata 115 ikipokea kila mtu, gari litachukua dakika arobaini, na damu inayoruka haisubiri dakika arobaini.

Mnakumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ilianguka Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja, ndani kulikuwa na watu 43. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, bila vifaa vya uokoaji, wakaanza kutoa watu. Watu 19 walifariki na 24 wakapona. Na kule Katesh, Hanang, Desemba 2023 matope yalipotoka mlimani na kufukia nyumba, waliofariki ni zaidi ya 80, wa kwanza kuchimba kwa majembe na mikono walikuwa majirani. Hivi ndivyo ilivyo kila mahali, vikosi vinakuja baadaye na vinafanya kazi kubwa, ila wa kwanza ni yule aliyekuwepo.

Na aliyekuwepo asipojua, anaumia yeye pia. Msamvu pale Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta limepinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli na moto ukawakuta pale, zaidi ya watu 100 wakafa. Wengine wanasema ni tamaa na wanaishia hapo. Mimi nasema umaskini ulikuwepo, lakini pia nauliza ni nani aliyewahi kukaa na hawa watu akawaambia kwamba mvuke wa petroli huuoni lakini unawaka, na cheche moja ya betri inatosha. Wengi wetu hatujawahi kufundishwa hivyo.

Tunayoyafanya kijijini kwa nia njema kabisa ndio yanaumiza. Mtoto kaungua na uji, anapakwa dawa ya meno au yai, wakati alihitaji maji baridi yanayotiririka dakika kama ishirini, basi. Mtoto ana degedege, anawekewa kijiko katikati ya meno, wakati alitakiwa alazwe ubavu, vitu viondolewe karibu yake na mdomoni kusiwekwe kitu chochote, halafu akimbizwe kituoni. Mtu kaumwa na nyoka, anachanjwa na wembe, anafungwa kamba mpaka mguu unakuwa mweusi, anabandikwa lile jiwe linaloaminiwa kunyonya sumu, saa tatu zinapita ndio apelekwe hospitali, na hospitali kama ina dawa ya sumu ya nyoka inakuta sumu imeshafanya kazi yake. Alitakiwa avuliwe pete na viatu kabla hajavimba, mguu utulizwe kama wa mtu aliyevunjika, asitembee, apelekwe. Mtu kaanguka kwenye mwembe, ananyanyuliwa mikono na miguu kama gunia, na kama shingo ilikuwa na ufa kidogo pale ndio inaisha. Hakuna hata moja hapo linalohitaji digrii. Vyote nilivyovitaja unavifundisha Jumapili moja mchana chini ya mti.

Huwa naambiwa na watu wa afya, tena rafiki zangu, kwamba mtu akifundishwa nusu nusu anakuwa hatari kuliko asiyejua. Naheshimu hiyo hofu ila siikubali. Yule dogo wa bodaboda tayari anabeba wagonjwa! Ameshambeba mama mwenye uchungu, ameshambeba mzee aliyepooza amefungwa mgongoni kwake kwa shuka, kila wiki anabeba. Tuko kwenye hali ambayo anabeba akiwa hajui chochote kabisa, kwahiyo nusu ni hatua. Mwanza vijana wa bodaboda walishafundishwa huduma ya kwanza na wakawa wanaitwa kwa ujumbe wa simu ajali ikitokea karibu nao, na wakawa wanaenda. Vijana wale wale tunaowaita wahuni.

Na kila kijiwe cha bodaboda nchi hii kina mwenyekiti, kina katibu, kina daftari la majina, wengi wana na kiakoba chao cha kusaidiana misiba. Hebu niambie ni chuo gani kimejipanga vizuri hivyo. Kijana anaposomea leseni aonyeshwe jinsi ya kukandamiza jeraha na jinsi ya kumgeuza mtu ubavu, na chini ya kiti cha pikipiki akae na pea mbili za glavu na kitambaa safi. Vikundi vya VICOBA, vile vya akina mama vya kuweka na kukopa, navyo vinakutana kila wiki, robo saa ya kuzungumzia degedege haitamkosesha mtu mkopo wake.

Wa kufundisha wapo, au tuseme wanakuja. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo ni wahudumu 137,294, wawili kila kitongoji na mtaa, na wanafundishwa kabla ya kupelekwa. Ombi langu kwa wanaousimamia ni moja: huyo mhudumu asiishie kupima watoto uzito na kuhamasisha vyoo, apewe na kazi ya kuwafundisha wengine huduma ya kwanza na ahesabiwe kwa hilo, kwamba mwaka huu umefundisha vijiwe vingapi. Pia sheria ya usimamizi wa maafa ya 2022 inataka kamati za maafa mpaka kijijini. Kwetu ukiuliza wajumbe ni akina nani, watu wanaangaliana. Kamati ikutane hata mara mbili kwa mwaka, ijue gari lipo kwa nani, funguo za zahanati anazo nani, kamba na majembe yako wapi, mto ukijaa watu wanapitia wapi. Ni maongezi ya saa moja.

Lipo pia hili la PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, watu hawapendi kulisema. Wengi wanaogopa kumgusa majeruhi wa ajali kwa sababu wanaona watageuziwa kesi, utampeleka mtu kituoni uulizwe wewe ndio uliyemgonga, ukae polisi mpaka usiku. Nimeshaona watu wanasubiri polisi waje huku mtu anakoroma. Wakubwa wakitamka wazi, kwenye redio na kwenye mikutano ya kijiji, kwamba majeruhi anatibiwa kwanza na aliyemleta anashukuriwa na kuachwa aende zake, hiyo peke yake itaokoa watu. Na bima ya afya kwa wote ambayo sheria yake ilipitishwa 2023 naiombea dua njema, ila kadi inaanza kufanya kazi ukishafika dirishani.

Mimi nimeanza na kilicho kwenye uwezo wangu. Nimeongea na yule bibi, ana miaka sabini na kidogo, nikamuuliza kama atakubali kuwaonyesha vijana. Akaniuliza wako wangapi. Nimeongea na mwenyekiti wa kijiwe, kaandikisha vijana kumi na wanne, na jina la kwanza kwenye daftari ni la yule dogo mwenye kovu pajani. Ni Jumapili ya pili ya Desemba baada ya ibada, chini ya mwembe wa zahanati, na mganga wa zahanati amesema atakuwepo. Glavu nanunua mimi. Bibi kasema vitambaa nisihangaike, kila mtu aje na kanga ya mama yake.