Mashirika ya Ndege Yakiungana, Marubani Hugombea Namba

Kila mashirika mawili ya ndege ya Marekani yanapotangaza kuungana, habari huanza na mishahara. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Mwajiri anayetaka muungano wake upite hupata fedha mahali, na kwa kawaida viwango hupandishwa kufikia vya upande unaolipa vizuri. Mgogoro wenyewe uko kwenye orodha ya ukongwe, inayowapanga marubani wote wa shirika kuanzia mkongwe hadi mgeni.

Namba ya rubani kwenye orodha hiyo huamua ataendesha ndege ipi, atakalia kiti cha kapteni au cha rubani msaidizi, atakuwa kituo gani, atapumzika mwezi upi, na kama atakuwa wa kwanza kupunguzwa biashara ikidorora. Namba haihamishiki. Kapteni wa miaka 20 akienda shirika jingine huanzia mkiani. Kwa hiyo rubani aliyesukumwa nyuma nafasi 500 hatulizwi na nyongeza ya mshahara. Hasara yake itamfuata hadi siku ya kustaafu.

Chukua mfano. Shirika A ni kongwe na halijakua kwa muda mrefu, hivyo rubani wake wa miaka 15 bado ni msaidizi. Shirika B ni changa na limekua haraka, mtu wa miaka 6 tayari ni kapteni. Mkizipanga orodha kwa tarehe ya kuajiriwa, kapteni wa B anaangukia chini ya msaidizi wa A, na upunguzaji wa kwanza utamvua ukapteni. Mkipanga kwa uwiano wa vyeo, yaani makapteni 300 wa A na 100 wa B wanaingia watatu kwa mmoja, kisha wasaidizi vivyo hivyo, yule wa miaka 15 anajikuta bega kwa bega na kijana wa miaka 3. Wote wawili wanaumia kweli. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tarehe ya kuajiriwa ni haki kwa sababu tu ni rahisi kuhesabu: inampa mtu nafasi ambazo shirika lake la zamani lisingempa kamwe.

US Airways na America West ziliungana mwaka 2005, na marubani wa pande zote mbili walikuwa chini ya chama kimoja cha marubani, ALPA. Waliposhindwa kuelewana walikwenda kwa mwamuzi, George Nicolau, aliyetoa uamuzi Mei 2007. Marubani zaidi ya 500 wa US Airways ya zamani, waliokuwa na safari za masafa marefu, waliwekwa juu kabisa. Wenzao waliokuwa wamesimamishwa kazi katika upunguzaji wa wafanyakazi waliwekwa chini kabisa, wengine wakiwa na zaidi ya miaka 15 tangu waajiriwe. Katikati ukatumika uwiano. Desemba ya mwaka huohuo umri wa kustaafu ukapanda kutoka miaka 60 hadi 65, na wastaafu waliotarajiwa kuachia viti wakabaki vitini.

Lakini uamuzi wenyewe haukuwa kasoro kubwa kuliko zote. Makubaliano ya mpito yalisema orodha mpya itaanza kutumika pale tu mkataba wa pamoja wa kazi utakapopitishwa. Upande ulioshindwa, wa US Airways ya zamani, ulikuwa na wengi, ukatambua kwamba bila mkataba hakuna orodha. Mwaka 2008 ukakiondoa ALPA kwa kura na kuweka chama kipya, USAPA, ambacho katiba yake ilikifunga kutetea tarehe ya kuajiriwa. Walioshinda kwa mwamuzi wakaenda mahakamani. Baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi 2009, mahakama ya rufaa ikautengua 2010 kwa hoja kwamba maadamu hakuna mkataba, madhara hayajatokea bado. Miaka yote hiyo upande wenye wengi uliruka kwa viwango vya mshahara vilivyokatwa wakati wa kufilisika. Kampuni haikuhitaji kuwabana, walijibana wenyewe. Orodha moja ilipatikana 2016, baada ya muungano mwingine, na American Airlines.

Sheria imeziba sehemu ya pengo. Mwaka 2001 American iliponunua shirika la ndege la TWA, wahudumu wa TWA waliwekwa chini ya wote, na marubani wengi wakasukumwa mkiani. Marekebisho ya sheria yaitwayo McCaskill-Bond, ya mwaka 2007, yanataka orodha ziunganishwe kwa haki, na pande zikishindwa, mwamuzi aamue. Ila pande zote zikiwa chini ya chama kimoja, kanuni za chama hicho ndizo hutumika. Kwa kelele za ndani ya chama, sheria hiyo haileti refa wa nje.

Mashirika ya Delta na Northwest yalitanguliza jambo moja ambalo naliona ndilo siri yao: mkataba wa pamoja ulipitishwa kabla muungano haujakamilika Oktoba 2008, ukiwa na hisa za kampuni mpya kwa marubani, na waamuzi watatu walitoa orodha Desemba mwaka huohuo. Kabla ya saini ya mwisho, wakurugenzi wanahitaji marubani. Baada yake, kuchelewa hakuwagharimu kama kunavyowagharimu marubani.

Kamati inayoketi mezani leo ianze na tarehe ya kufungia takwimu, ili watakaoajiriwa baada ya tangazo waende mwisho wa orodha bila ubishi. Kila upande ukague rekodi za mwenzake: tarehe ya kuajiriwa, miezi ya kusimamishwa, cheo, aina ya ndege. Makosa ya hapo huibuka kama kesi. Kisha uandikwe uzio wenye ukomo wa miaka, unaowaachia marubani wa kila upande ndege kubwa walizokuja nazo. Na orodha ianze kutumika kwa tarehe maalumu iliyoandikwa, isisubiri kura ya mkataba.