Tembo wa Nini, na Kobe Yupo?

Kila nikitandaza vinyama vyangu vya mawe barazani kwetu Chumbageni, mjini Tanga, wa kwanza kusimama huuliza, "Simba huna, kaka?" Sina. Wala tembo sina. Nina kobe watatu, kaa aliyekatika gando, na paka aliyejikunja ambaye mke wangu hataki auzwe.

Simba sina ugomvi naye. Ila mawe yangu ni ya kuokota, na jiwe la kuokota huja na mnyama wake. Lile la duara, lililobingirishwa na maji, mgongo wa kobe linao tayari. Mimi naongeza kichwa na vijimiguu, basi. Ukimtafuta simba humo, utachonga mpaka jiwe liishe. Halafu jiwe halina nyuzinyuzi kama mti. Mkia mwembamba unaosimama vizuri kwenye mpingo wa Wamakonde, kwenye jiwe hukatika ukiutazama tu.

Mawe ya mto Sigi mengi yameshuka Usambara na ni magumu ajabu. Ukilipiga tupa, tupa inateleza na kuacha alama ya kijivu. Kilicholika ni chuma, jiwe halina habari. Jiwe la chokaa la upande wa Amboni ndilo linalokubali tupa na msasa. Ukiwa na shaka, likwaruze kidogo, kamulia ndimu: likitoa povu, ndilo. (Ndimu ya kwanza niliichukua jikoni bila kuuliza. Nilisemwa.) Nachonga likiwa limelowa chapachapa, maana vumbi la mawe likishaingia mapafuni ni maradhi, na hapo sitaki mzaha.

Na asiniletee mtu kipande alichobandua mapangoni Amboni, au tumbawe bichi la baharini. Kuokota ni kuokota.

Simba nimewahi kuchonga mara moja. Mteja alishikilia, akatoa na kianzio. Siku ya tatu, nikiwa kwenye manyoya ya shingo, kichwa kikadondoka miguuni pangu. Nikalitazama lile bonge lililobaki, nikalizungusha, nikafuta mabega, nikaweka vijisikio viwili na pua pana.

Mteja alipokuja akamgeuza mkononi kwa muda mrefu. "Huyu si kiboko?"

Nikamwambia ndiye. Akacheka, akalipa nusu, akaondoka naye.